Nyumba Imebaki, Wenyewe Wako Wapi?



Mara hii tunapenda tuzungumze juu ya nyumba. Hatukusudii namna ya kuijenga wala kuipamba, maana katika hayo wapo wanaojua zaidi yetu. Tunakusudia nyumba inayobaki imesimama baada ya wenyewe kuondoka wote, pasibaki hata mmoja wa kugonga hodi.

Mazungumzo yenyewe yalianzia katika darsa yetu ya familia, ambayo hukutana Jumamosi baada ya Magharibi hapa Kimihurura. Sisi ni familia chache, na misikiti mikubwa tunayoizoea iko mbali kidogo, Nyamirambo na Biryogo, basi tumeona ni bora tukutane majumbani kwa zamu. Kuna wazee, kuna akina mama, kuna vijana wa chuo ambao huja kwa ajili ya elimu na (tuseme kweli) kwa ajili ya pilau pia. Siku hiyo mmoja wa vijana wetu, anayesoma mambo ya kompyuta, alikuwa akitueleza habari za nyumba zinazojiendesha zenyewe. Taa zinawaka bila kuguswa, geti linafunguka likiona gari la mwenyewe, na jiko linaamrishwa kwa simu mtu akiwa bado ofisini. Wazee wakatikisa vichwa. Ndipo binti mmoja akasema kwamba hilo si jambo jipya, kwani amesoma hadithi ya Mmarekani mmoja, Ray Bradbury, iliyochapishwa mwaka 1950, na humo nyumba ya namna hiyo imo yote. Tukamwomba atusimulie.

Basi hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni kwamba katika mji mmoja wa California kuna nyumba inayoamka asubuhi kama kawaida. Saa inaimba wakati wa kuamka. Jiko linapika mayai na kuchoma mkate, pamoja na vingine ambavyo sisi hatuli. Sauti kutoka darini inataja tarehe, inakumbusha siku ya kuzaliwa ya mtu fulani na bili ambazo hazijalipwa. Panya wadogo wa chuma wanatoka ukutani kufagia. Lakini hakuna anayekula, na chakula kinamwagwa. Mji wote umeteketea kwa bomu la nyuklia, imebaki nyumba hiyo moja. Nje ukutani rangi imeungua nyeusi isipokuwa mahali pachache, na hapo ndipo yanapoonekana maumbo ya wenyewe: baba akikata majani, mama ameinama kuchuma maua, mtoto wa kiume amerusha mpira na wa kike ameinua mikono kuudaka. Mbwa wao anarudi, amekonda, anatapatapa kwa njaa na kufa humo ndani, na wale panya wa chuma wanamsafisha kama takataka. Jioni nyumba inamuuliza mama wa nyumba angependa kusomewa shairi gani. Hapana jibu, basi inachagua yenyewe. Usiku upepo unaangusha tawi la mti, moto unashika jikoni, na nyumba inapigana na moto huo mpaka inashindwa. Alfajiri umebaki ukuta mmoja tu, unaotaja tarehe na kuirudia.

Mwandishi alipoiingiza hadithi hiyo kitabuni aliiwekea mwezi wa Agosti 2026. Kwake yeye ilikuwa mbali mno. Ndugu msomaji, tazama kalenda yako.

Watoto waliipenda kama wanavyopenda hadithi za kutisha. Mmoja akauliza, "Hivi inaweza kutokea kweli?" Kijana wa kompyuta akaanza kueleza habari za betri na sola. Lakini wale wakubwa kati yetu walinyamaza kimya, na tulijua kwa nini wamenyamaza. Tulikuwa tumekaa Kimihurura.

Kwa wasioufahamu mji wa Kigali, Kimihurura ni kilima kilicho katikati ya mji, jirani na Kacyiru. Leo ukikitaja, watu wanakumbuka jumba la mikutano lenye kuba inayowaka taa za rangi usiku, lililofunguliwa mwaka 2016, au wanakumbuka mikahawa na barabara za mawe. Mwaka 1994 palikuwa mahali pa mawaziri na wakubwa wa serikali, na hapo hapo ilikuwepo kambi ya walinzi wa rais. Ng'ambo yake kidogo liko jengo la Bunge, ambamo tangu mwisho wa Desemba 1993 walikuwa wamewekwa askari 600 wa RPF kwa mujibu wa makubaliano ya Arusha. Alama za risasi na mizinga bado zinaonekana kwenye kuta zake.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa. Alfajiri ya tarehe 7 askari wa ile kambi hawakuwa na safari ndefu, walikwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba. Katika waliouawa alikuwemo rais wa Mahakama ya Katiba, Joseph Kavaruganda, aliyechukuliwa nyumbani kwake. Na alikuwemo Waziri wa Kazi na Ustawi wa Jamii, Landoald Ndasingwa, ambaye watu wote wa Kigali walimwita Lando, pamoja na mkewe Hélène Pinsky, Mkanada, na watoto wao wawili, na mama yake mzazi. Nyumba nzima.

Katika habari ya Lando kuna jambo moja ambalo kila tukilikumbuka linatukaa moyoni. Simu yao ilikuwa inafanya kazi. Walipiga simu kwa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kuomba msaada, na kanali wa Kibelgiji, Luc Marchal, alikuwa upande wa pili akisikiliza. Waya haukukatika. Chombo kilichotengenezwa ili mwanadamu amsikie mwanadamu mwenzake kilifanya kazi yake barabara, na waliosikia hawakufika.

Na redio nazo zilifanya kazi. Asubuhi ile redio ya taifa ilipiga muziki wa vinanda wa Kizungu, na katikati yake likasomwa tangazo la Wizara ya Ulinzi kuwataka raia wote wabaki majumbani. Fikirieni jambo hilo. Sauti inatoka kwenye kisanduku inakwambia ukae ndani ya nyumba yako utulie, na nyumba yako ndiyo mtego. Redio nyingine, RTLM, ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali wanapokaa. Tunapowasikia vijana wetu wakisema kwa furaha kwamba nyumba ya kisasa "inajua nani yumo ndani", sisi tuliopita umri wa miaka 40 tunalisikia neno hilo kwa sikio jingine.

Tukirudi kwenye hadithi ya binti yetu, Kigali haikuwa kama California ya kitabuni. Vita vilipopamba moto umeme ulikatika na maji yakakatika, na hakuna jiko lililoendelea kupika. Mbwa walikuwepo, lakini habari ya mbwa wa Kigali wa mwaka 1994 hatutaiandika, maana ukurasa huu unasomwa na watoto.

Ipo nyumba moja Kigali inayokaribia zaidi ile ya hadithi, nayo ni makazi ya Habyarimana mwenyewe kule Kanombe, karibu na uwanja wa ndege. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2018 yamegeuzwa kuwa makumbusho ya sanaa. Tuliwahi kwenda na watoto wakati wa likizo. Wanaotembeza wageni huonyesha ngazi iliyotegwa vifaa vya kumjulisha mwenye nyumba kwamba kuna mtu anapanda, na milango ya siri, na vyumba nyuma ya vyumba. Rais alijengewa nyumba inayolinda usiku kucha. Kisha unatoka bustanini, unakwenda ukutani, na hapo unaviona vipande vya ndege yake, vimelala mpaka leo. Ndege ilimwangukia nyumbani kwake mwenyewe. Ngazi inayosikia nyayo haikuwa na la kufanya juu ya kitu kilichotoka mbinguni. Familia yake haikufa, ilisafirishwa na Wafaransa siku tatu baadaye. Nyumba ikabaki na vifaa vyake vya kusikiliza, na hakuna wa kumsikiliza.

Hapo mmoja wa wazee wetu alisoma zile aya tunazozijua: katika Suratul Hajj, aya ya 45, kinapotajwa kisima kilichoachwa na kasri lililojengwa likainuliwa, na katika Suratun Naml, aya ya 52, zinapotajwa nyumba tupu za watu waliodhulumu. Ni ukumbusho mkubwa, na mtu akisimama Kanombe unamwingia. Lakini tunaomba hapa tuwe waangalifu sana, kwa sababu tumewahi kusikia watu, hata wengine wenye elimu, wakizichukua aya hizo na kuzibandika juu ya kila nyumba iliyobaki tupu. Aya zile ni habari ya waliodhulumu. Watoto wa Lando hawakumdhulumu mtu. Zaidi ya watu milioni 1 waliouawa katika siku zipatazo 100 walidhulumiwa. Nyumba zao zilibaki tupu kwa dhambi ya mwingine, na anayeziona magofu yao akasema "hii ni adhabu" amesema jambo ambalo hana elimu nalo.

Sasa tuje kwenye lugha, maana humo tulipata kitu ambacho hatukukitarajia. Katika Kinyarwanda kuna msemo wa "imiryango yazimye". Kwa Kiswahili ni familia zilizozimika. Neno kuzima ni lile lile letu, la taa na la moto. Na umuryango kwa Kinyarwanda ni familia, na pia ni mlango, pale watu wanapoingilia. Wazee wa pwani nao, Lamu na Mombasa, walipotaja mlango wa fulani walikusudia pia ukoo wake. Kwa hiyo watu wa milimani na watu wa baharini, bila kuulizana, waliona kwamba mlango na jamaa ni kitu kimoja. Mlango ambao hauna wa kuufungua umezimika.

Chama cha wahitimu walionusurika, GAERG, kilichukua kazi ya kuzihesabu. Familia iliyozimika kwao ni ile ambayo baba, mama na watoto wote waliuawa. Walikwenda wilaya kwa wilaya wakiuliza majirani, maana wa kuulizwa nyumbani hayupo, na walipata familia 15,593, zenye watu 68,871. Kila mwaka huandaa usiku mmoja wa kuwakumbuka. Na ule mwenge unaowashwa Gisozi tarehe 7 Aprili unaitwa "urumuri rutazima", nuru isiyozimika. Ni neno lile lile tena. Wanafunzi wanaokaa nasi Kigali kutoka Tanzania na Kongo walikuwa wamelisikia mara nyingi bila kuligundua.

Sisi Waislamu wa Rwanda tuna sehemu yetu katika habari hii, na huwa tunapenda kuisimulia ile nzuri. Nayo ni kweli. Biryogo na Nyamirambo watu walificha watu, wakawavika kanzu na mitandio, wakawapitisha ua kwa ua. Kule Mabare, upande wa mashariki, Waislamu walisimama na mawe na mishale kulinda waliokimbilia msikitini, mpaka wakazidiwa nguvu, na wakauawa pamoja nao. Lakini adabu ya ukweli inatutaka tuseme pia kwamba mhariri wa gazeti la Kangura, lililopanda chuki hiyo kwa miaka, Hassan Ngeze, alikuwa na jina kama yetu. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Tukiwasimulia watoto nusu ya kwanza tu, wataipata ya pili mtandaoni, na wataanza kujiuliza ni mangapi mengine tumewaficha.

Tofauti ya nyumba za Biryogo na nyumba ya Kanombe, tukiangalia ujenzi, inachekesha. Zile ni za udongo, vyumba vya kupanga, ua mmoja kwa wapangaji sita, mlango wa bati. Hazikuwa na ulinzi wowote. Kilichokuwemo ni mtu aliye macho usiku, anayejua nani anagonga, na anayeweza kuamua kudanganya. Mashine ya kutambua sura ingewataja wote waliokuwa chini ya kitanda.

Ndugu msomaji, usidhani tunapinga vyombo. Hapa Kimihurura tunavyo kama wengine. Tuna taa za sola zinazowaka zenyewe jua likizama, tangi lenye boya linalofunga maji likijaa, na geti la umeme linalogoma kila mvua ikinyesha. Ila nyumba ya Kigali haiwezi kuishi siku nyingi kama ile ya California, kwani umeme wetu ni wa kulipia kwanza, kwa kashipawa, na salio likikaribia kwisha kile kisanduku huanza kulia kama kifaranga. Nyumba ikiachwa peke yake haitaweza kwenda kununua umeme. (Kijana wa kompyuta alisema hilo nalo linaweza kufanywa lijilipe. Tukamwambia ale pilau.)

Lakini kipo chombo kimoja ambacho karibu kila nyumba ya Kiislamu inacho, nacho kilituletea mjadala mrefu kuliko vyote. Ni saa ya adhana. Mwezi wa Machi 2018 viongozi wa Nyarugenge walizuia vipaza sauti vya adhana kwa ajili ya kelele, na tangu hapo wengi wetu tulizidi kuzitegemea saa hizo na simu za mkononi.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Rwanda ilifunga shughuli zote mwezi wa Machi. Misikiti ikafungwa. Jirani zetu, mume na mke na watoto, walikuwa wamesafiri kwenda kwa jamaa zao Mombasa, na safari za ndege za abiria zikasimama; uwanja wa Kigali haukufunguliwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Nyumba yao ikabaki na kufuli. Na kutoka katika nyumba hiyo, mara tano kila siku, tuliisikia adhana. Saa yao ilikuwa kwenye kuta za sebule, karibu na dirisha, na betri zake zilikuwa mpya.

Hatutasahau majuma yale. Mji kimya, hakuna pikipiki, hakuna magari, na ghafla sauti ya muadhini wa Makka kutoka nyumba isiyo na mtu. Alfajiri ikilia, taa ya sola ya getini bado inawaka. Watoto wetu walikuwa wakisema, "Nyumba inaswali." Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiitikia kila neno, kisha anawaombea wenyewe warudi salama. Baadhi yetu tulikuwa tunapata faraja. Baadhi yetu, na tuliambiana baadaye, tulikuwa tunaogopa, kwa sababu hatukujua ni wangapi katika sisi watakaoona mwisho wa ule ugonjwa, na ile sauti ilikuwa inaita bila kujali kama yupo wa kuitika.

Tulimuuliza sheikh mmoja kwa simu. Alitueleza kwamba Baraza la Fiqhi la Makka lilikwishalizungumza jambo hili tangu mwaka 1986, na wakaona kwamba adhana ya kanda haitoshi kuwa adhana ya swala msikitini, kwa sababu adhana ni ibada, na ibada inataka mtu mwenye nia. Saa ni ya kukumbusha tu, nayo haina thawabu wala dhambi. Kisha akauliza, "Na nyinyi humo ndani nani anaadhini?" Tulikuwa wanaume watatu nyumbani, na hakuna aliyekuwa akiadhini. Kuanzia siku hiyo akaanza kuadhini mtoto wetu wa miaka 9, barazani, kwa sauti yake nyembamba, mara nyingine akichelewa dakika 5 nyuma ya saa ya jirani. Jirani walirudi wote salama mwezi wa nane, Alhamdulillah, wakaikuta saa yao imetangulia kidogo.

Iko na desturi nyingine, ya kuacha Qur'ani ikisomwa kwenye redio au simu katika nyumba tupu watu wakisafiri, hasa Suratul Baqara, kwa sababu ya ile hadithi iliyopokelewa na Muslim kwamba shetani huikimbia nyumba inayosomwa sura hiyo. Masheikh wametofautiana kama kanda inaingia humo. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Tunaona tu kwamba hadithi hiyo hiyo inaanza kwa kutukataza kuzifanya nyumba zetu makaburi, na kaburi ni mahali ambapo mwenyewe yumo lakini hasomi. Mtu anaweza kuwa amekaa kwenye kochi, simu mkononi, redio inasoma Baqara nyuma yake, na wala hajui imefika aya gani. Nyumba hiyo ina watu, na inafanana na ile ya California.

Lile lililotushughulisha zaidi, hata hivyo, lilikuwa swali la binti yule yule aliyesimulia hadithi. Alisema hivi: sisi tunafundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Sasa katika familia iliyozimika, mtoto hayupo. Kitabu hakuna. Sadaka nani anaijua? Hao wanabaki na nani?

Palikuwa na majibu. Mzee mmoja alisema aliyeuawa kwa dhulma yuko kwa Mola wake, na Mola hahitaji kukumbushwa. Mama mmoja akataja Hoteli ya Chez Lando kule Remera, ambayo iliharibiwa mwaka 1994 na dada wa marehemu akaiinua tena, na hadi leo ina jina lake. Hicho ni kitu kilichobaki baada ya nyumba ya Kimihurura, na kimebaki kwa sababu alibaki mtu. Mwingine akasema Waislamu wanawaombea maiti wote wa Kiislamu katika kila janaza, wanaowajua na wasiowajua. Hayo yote ni kweli. Lakini binti hakuwa anauliza habari ya Mwenyezi Mungu. Alikuwa anauliza habari yetu.

Basi tukaanza jambo dogo. Kwanza kila familia katika darsa iandike wasia, kama alivyotuhimiza Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa, na humo, pamoja na madeni na amana, tuandike majina. Majina ya babu na bibi, ya mashangazi, ya watoto waliokufa wachanga, na jina la jirani mmoja asiye wa ukoo wetu ambaye atakuwa na nakala. Hilo la jirani tulilisisitiza, kwa sababu mwaka 1994 karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Vijana wakataka ziwekwe kwenye simu. Tumekubali ziwe kwenye simu na kwenye karatasi.

Pili, wanafunzi wanne wakajitolea kwenda Biryogo kuwauliza wazee juu ya nyumba zilizozimika katika mitaa yao, ili majina yale ambayo hayajaandikwa popote yaandikwe. Tulidhani itakuwa kazi ya majuma mawili. Baada ya vita nyumba nyingi za Kigali zilizoachwa ziliingiwa na waliorudi kutoka Uganda, Burundi na Kongo. Watu waliita "kubohoza". Mwenyewe akirudi, sheria ilimtaka aliyeingia atoke. Asiporudi mtu, nyumba ilipata watu wengine, wakapaka rangi, wakajenga jiko upya, wakazaa watoto humo. Wengi wao hawajui nani alikuwemo, na wengine hawapendi kuulizwa. Vijana wetu walijifunza kuuliza kwa upole, baada ya salamu ndefu na chai.

Juma lililopita walileta daftari. Ukurasa mmoja ulikuwa wa nyumba iliyokuwa karibu na duka la cherehani, ambayo sasa haipo. Mzee aliyewasimulia ana zaidi ya miaka 80. Alikumbuka kwamba mlango wake ulikuwa wa kijani, na kwamba baba wa nyumba alikuwa fundi wa baiskeli, na jina lake, na la mkewe. Alikumbuka watoto wanne kwa majina, na yupi alikuwa hodari wa kucheza mpira. Wa tano alikuwa mchanga bado, alizaliwa karibu na Ramadhani ya mwaka huo, iliyoisha mwezi wa Machi. Akikéti mzee huyo akafikiri muda mrefu, akamwita mkewe kutoka ndani, wakafikiri wote wawili. Wanakumbuka kwamba walikula akika yake. Jina hawalikumbuki. Vijana wameacha mstari mtupu, na mzee amewaambia warudi Ijumaa, yuko dada mmoja Rwamagana ambaye huenda akalijua.